Chumba cha Kusikilizia cha Fundi Djibril

Djibril alisimama katikati ya chumba akapiga kofi moja. Kofi lilimrudia likiwa limevunjika vipande vidogo vidogo, kama misumari iliyomwagwa juu ya bati. Akapiga la pili akiwa ameelekea dirishani na la tatu akiwa ameelekea mlangoni, kisha akaandika kwenye daftari la shule: kuta zinatazamana mno, sakafu ni saruji tupu, dari ni mbao nyembamba. Chumba kilikuwa hatua tano kwa nne. Zamani kilikuwa stoo ya mawese, na siku za joto kuta zilikuwa bado zinanukia.

Kwa miaka thelathini Djibril alitengeneza redio katika kibanda karibu na soko la Rumonge, hadi simu zilipozimaliza redio na macho yake yakaanza kukataa nyaya nyembamba. Alipofunga kibanda alileta nyumbani amplifa moja, mashine ya kaseti, na bafle mbili za mbao, spika alizoziunda kwa mikono yake. Alitaka kusikiliza kaseti moja. Alipokuwa kijana alimrekodi baba yake, mzee Waziri, akisoma maulidi. Waziri alikuwa seremala, mtu wa safu ya kwanza msikitini, na sauti yake ilijulikana mpaka Nyanza-Lac. Alikuwa amefariki miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Katika chumba kile sauti yake ilitoka kama ya mtu anayesoma ndani ya bidoni tupu ya maji.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mzee Waziri. Alipenda kusema kwamba aliinunua kwa rafiki yake Mulamba, mfanyabiashara wa samaki wakavu, kabla ya mwaka ule wa mauaji ambao watu wa Rumonge huutaja kwa tarakimu tu, sabini na mbili. Mulamba hakuonekana tena baada ya mwaka huo. Karatasi ya mauziano, yenye alama ya dole gumba la Mulamba, ilikaa ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda.

Djibril alianza na kuta za pembeni. Alikaa kwenye kiti chake, mkewe Latifa akatembeza kioo polepole ukutani, na kila mahali Djibril alipoona bafle ndani ya kioo alisema, "Hapo," Latifa akachora alama kwa chaki. Ndipo sauti ilipogonga ukuta kabla ya kumfikia. Juu ya alama hizo alitundika fremu za mbao zilizojazwa vipande vya matela kuukuu ya kulalia na kufunikwa kwa kitambaa cha pazia. Sakafuni alitandika zulia la sebuleni, jambo ambalo Latifa alilikubali kwa siku kumi. Bafle alizisogeza mbali na ukuta, zikafanya pembe tatu na kiti.

Alipopiga kofi tena, lilikufa palepale kwenye viganja vyake.

Akaweka kaseti. Mzee Waziri alikuwa pale, kati ya bafle mbili, kwenye urefu wa mtu aliyeketi. Alikohoa mara mbili kama kawaida yake, kikohozi kifupi na kirefu, kisha akaanza kusoma. Djibril alisikia hata mate yakimezwa. Latifa alisimama mlangoni na taulo begani mpaka upande wa kwanza ulipokwisha.

Mashine ilijizima. Chumba kilinyamaza. Halafu, upande wa kushoto, mahali pasipokuwa na bafle, kifuniko cha sufuria kiliwekwa juu ya sufuria.

Djibril aliangalia amplifa. Taa yake ilikuwa imezimika. Akachomoa waya wa umeme ukutani, akasubiri. Mwanamke alikohoa moshi. Kijiko kiligonga ukingo wa chungu.

"Baba Kaoutar," Latifa alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "kuna mutu anapika."

"Nasikia."

"Iko napika maharagi. Maji imepungua." Alisikiliza tena kidogo, kisha akarudi jikoni kuangalia ya kwake.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, mwanamke alipika tena. Na siku ya tatu. Djibril alimwita Barnaba, mwashi aliyewahi kukarabati msingi ziwa lilipopanda na kufika barabarani. Barnaba aligonga ukuta kwa fundo la kidole, akalamba kidole, akafuta kwenye suruali.

"Hii iko tofali ya tope, Fundi. Tope ya hapa inakunywaka maneno. Zamani mwangwi ulikuwa unayafunika. Wewe umetoa mwangwi, sasa yanasikika."

"Dawa yake ni nini?"

"Rudisha mwangwi. Ao zoea. Kule Magara nilipigaka plasta nyumba moja, harusi ikasikika wiki mbili, mpaka wenyewe wakajua nyimbo zote."

Djibril angeweza kuzishusha fremu jioni ileile. Alizitazama, akaona namna alivyozikaza skrubu, akaziacha. Isitoshe, sikio lake la kazi lilikuwa limegundua kasoro. Sauti ya mwanamke ilikuwa safi juu lakini chini kulikuwa na mngurumo ulioshikamana, kama lori lililosimama nje bila kuzima injini. Mngurumo wa namna hiyo hujikusanya kwenye kona. Alishona magunia manne marefu, akayajaza sufi, akayasimamisha kwenye kona nne, kutoka sakafuni hadi darini. Mlango nao aliufunika kwa matela nzima na kuuzungushia raba ya tairi pembezoni, ili pikipiki za barabarani zisiingie.

Mngurumo ukafunguka, ukawa vitu mbalimbali. Mtoto mchanga alinyonya. Mtu mzima alikunja gazeti. Mwanamke alisema, kwa sauti ya kuchoka isiyo na hasira, "Batuli, toka mulangoni, baba yako anasoma."

Kisha, mulemule ukutani, mlango uligongwa mara tatu.

Baada ya hodi hiyo hakukuwa na kitu. Djibril alikaa kwenye kiti akisubiri. Hakujua anachokiogopa. Siku iliyofuata aliingia tena, na wakati mwanamke alipopunguza kuni, aliinuka kitini kabla ya hodi. Mara tatu, bila haraka, kwa fundo la kidole cha mtu anayejulikana humo ndani.

Kwa wiki moja hakuingia. Adhana ya alasiri ilipokwisha alitembea hadi bandarini, akatazama wanawake wakigeuza ndagala kwenye vichanja, akarudi jua likiwa limeshuka juu ya milima ya Kongo. Alipofika nyumbani Latifa alimwambia kwamba mule chumbani wamegonga tena.

"Uliingia?"

"Niliingia kutafuta zulia langu."

Tatizo lilikuwa ukuta wa nyuma. Djibril alilijua tangu mwanzo na ndiyo maana alilikwepa. Sauti zinazotoka mbele zilimpita msikilizaji, zikagonga nyuma, zikarudi kuzifunika zile zinazofuata. Yaliyokuja baada ya hodi yalikuwa yamefunikwa hivyo. Alilala akilijua, akaamka akilijua. Hatimaye Jumamosi moja aliweka rafu ya mbao ukutani, yenye vyumba vya vina tofauti, akaijaza vitabu vya shule vya Kaoutar na redio mbovu, ili sauti itawanyike isirudi kwa pamoja. Aliifanya kazi hiyo vizuri. Hakujua kuifanya vibaya.

Alasiri mwanamke alipika. Batuli alitolewa mlangoni. Mlango uligongwa mara tatu, na nje yake mtu alikohoa, kikohozi kifupi na kirefu.

"Mulamba, fungua. Ni mimi. Niko peke yangu."

Halafu, chini ya maneno hayo, kule ambako magunia ya sufi yalikuwa yamesafisha, zilisikika buti. Djibril alizihesabu kwa sikio lake la fundi, kwa jinsi kila mguu ulivyobadilisha uzito kwenye changarawe. Watu walikuwa sita. Hakuna aliyesema. Walikuwa wakisubiri mlango ufunguliwe.

Djibril alitoka, akanawa uso kwa maji ya ndoo, akanawa tena. Kisha akarudi, akaweka kaseti ya maulidi, akasikiliza kikohozi cha mwanzo tu, akaizima. Hakuwa na haja ya kuirudia.

"Labda walimulazimisha," Latifa alisema usiku huo wakila. Yeye naye alikuwa amesikia.

"Labda."

"Ule mutoto Batuli. Namujua."

Djibril naye alimjua. Miaka kumi na moja iliyopita, mwanamke mmoja aliyerudi kutoka kambi za Tanzania alikuja na kusimama uani akiwa na mfuko wa plastiki. Alisema anaitwa Batuli binti Mulamba, na kwamba hapa palikuwa kwao. Djibril alimpa kiti na maji, akamwonyesha karatasi. Mwanamke aliisoma mara mbili, akaigusa ile alama ya dole gumba. "Baba yangu alijua kuandika," alisema. Kisha akarudisha bilauri, akasema murakoze, asante, akaondoka. Sasa alikuwa akiuza ndagala sokoni na kupanga chumba kule Gatete. Latifa alinunua kwake kila wiki na hawakuwahi kuzungumzia nyumba.

"Usimuambie," Djibril alisema.

Latifa alimaliza tonge lake. "Ni mama yake anapika mule ndani," alisema.

Alhamisi iliyofuata Batuli alikuja; Latifa alikuwa amemwambia sokoni. Alivaa kitenge cha kwenda msibani. Djibril alimfungulia mlango mzito, akamwonyesha kiti, naye akasimama pembeni karibu na gunia la kona, mgongo ukutani. Alitamani kwamba leo, mara hii moja, ukuta ukae kimya.

Kifuniko kiliwekwa. Moshi ulimkohoza mwanamke. Batuli hakushtuka. Aliinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayeitwa kwa jina lake la utotoni kutoka chumba cha pili. Mama alipomwambia atoke mlangoni, aliivuta miguu yake chini ya kiti.

Hodi tatu. Kikohozi. "Mulamba, fungua. Ni mimi. Niko peke yangu."

Buti zilisubiri kwenye changarawe. Kisha kimya.

"Mama alifia kambini," Batuli alisema. "Sauti yake nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nakumbuka mikono tu." Alimgeukia Djibril. "Ule wa mulangoni ni muzee wako."

"Ndiyo."

"Alikuwa ananibebaka mabegani. Baba alijibu nini?"

"Haisikiki. Inaishia hapo."

"Kwa nini?"

Djibril hakuwa mwongo katika mambo ya ufundi. Alitazama juu kabla hajajizuia. "Dari," alisema. "Sijaigusa dari."

Alhamisi iliyofuata Batuli alikuja na magunia mawili ya sufi kichwani na jingine mkononi. Alikuwa ameyaleta kwa miguu kutoka Gatete. Djibril alimwambia kwamba ana homa, na kweli meno yake yalikuwa yanagongana. Batuli akasema atasubiri. Alikaa barazani tangu asubuhi, akachambua mchele pamoja na Latifa, na saa nane Djibril alitoka chumbani kwake akaleta ngazi.

Walifanya kazi pamoja. Batuli alishika fremu kwa mikono yote miwili juu ya kichwa, Djibril akakaza skrubu. Aliacha nafasi ya kiganja kimoja kati ya fremu na mbao, kwa kuwa ndivyo inavyopaswa, sufi ikiwa mbali kidogo na dari hufanya kazi zaidi. Angeweza kutoiacha. Hakuna ambaye angejua.

Adhana ya alasiri ilisikika kidogo, mlango ukafungwa, haikusikika tena. Latifa naye aliingia, akakaa kwenye zulia. Mwanamke alipika. Mlango uligongwa. Waziri alisema yuko peke yake.

Gazeti likawekwa chini. Komeo likavutwa. Buti zikaingia, na mtu wa sita akakanyaga kitu cha mtoto kikavunjika. Sauti moja, ya upole, ilisoma jina kutoka kwenye karatasi na kuuliza kama ndiye. Mulamba alisema ndiye. Akaambiwa ni maneno mawili tu, atarudi kabla ya chakula. Akaomba kuvaa viatu.

Alipokuwa akivaa, alisema, karibu sana na ukuta, kwa sauti ya mtu aliyeinama:

"Waziri. Nyumba naiacha kwako amana. Mupaka nirudi. Kama sirudi, mupaka watoto warudi."

"Mupaka warudi," Waziri alisema. "Wallahi."

Viatu vilifungwa kamba. Watu wanane walitoka. Maharagi yaliendelea kuchemka, na baada ya muda mtu aliondoa sufuria motoni.

Ndani ya chumba Latifa alikuwa ameziba mdomo kwa ukingo wa mtandio. Batuli alikuwa amekaa wima. Djibril aliogopa kumtazama, akatazama skrubu za darini, moja ilikuwa imekaa upande.

"Nimesikia," Batuli alisema.

"Tumesikia wote."

"Basi."

Alisubiri. Hakuomba kitu. Kusubiri kwake kulikijaza chumba kuliko magunia, na Djibril alijiona akifungua mdomo.

"Tutaongea, dada yangu. Ramadhani iko karibu. Ikiisha tutakaa chini, tuongee vizuri."

"Sawa," Batuli alisema. "Naweza kuja Alhamisi? Kumusikiliza mama."

"Karibu hata kila Alhamisi."

Ramadhani iliingia, ikaisha. Batuli alikuja kila Alhamisi, akaketi peke yake, mlango umefungwa, akatoka baada ya nusu saa akasema murakoze. Djibril alikuwa akimngoja barazani na kila mlango ulipofunguka alisimama, akijua kwamba leo ndiyo siku atakayotamka. Hakutamka. Idi ilipita, ndizi zikaiva, Kaoutar akapiga simu kutoka Bujumbura kuuliza kama kweli ile nyumba itakuwa yake siku moja, kwa sababu mchumba wake ameuliza. Djibril alitoka hadi barabarani ndipo akamjibu. Siku hizo hakupenda kusema mambo karibu na kuta.

Wapimaji wa viwanja walikuja Alhamisi, saa kumi na robo, bila taarifa. Walikuwa wawili, wenye kofia na utepe wa kupimia, na mmoja alikuwa na fomu kwenye ubao. Walipima ua, wakapima nyumba, wakaandika. Walipita mbele ya mlango wa matela wakauliza mule kuna nini.

"Chumba cha kusikilizia," Djibril alisema.

Hawakuuliza zaidi. Mwenye ubao aliiangalia karatasi ya mauziano, akaandika namba yake.

"Kuna mtu mwingine anayedai hii nyumba, muzee?"

Latifa alikuwa barazani na ungo mapajani. Mikono yake ilisimama.

Ndani ya chumba, wakati huo, Batuli alikuwa kitini na maharagi yalikuwa yanachemka. Djibril alijua kwa saa. Mlango ulikuwa umezibwa vizuri. Hakuna neno lililotoka humo na hakuna lililoingia.

"Hapana," alisema. "Hakuna."

Aliweka sahihi. Wapimaji waliagana nao kwa amahoro, wakaenda kwa jirani. Dakika chache baadaye mlango ulifunguka, Batuli akatoka, akavaa ndara zake.

"Leo nimemusikia akiimba kidogo," alisema. "Kabla ya kufunika sufuria. Sikuwa nimemusikia hivyo mbele ya leo. Murakoze, Fundi."

Latifa alimsindikiza hadi barabarani, akarudi. Hakumtazama mumewe. Aliweka ungo chini, akafunga mtandio, akaingia katika chumba cha kusikilizia na kuufunga mlango nyuma yake.

Alikaa humo muda mrefu. Djibril alisimama nje. Alijua mkewe anasema kitu, kwa maana alikuwa amemwona kupitia upenyo wa mlango ulipokuwa ukifungwa: alikuwa amesimama uso kwa uso na ukuta, karibu kabisa, na midomo yake ilikuwa imeanza kusogea polepole, kama mtu anayetaja majina ili yaandikwe. Djibril alibandika sikio kwenye matela. Akabonyeza. Aliifanya kazi yake vizuri mno. Hakusikia hata pumzi.

Latifa alipotoka, aliuliza kama atapenda ndagala au mboga.

Kesho yake Djibril alimtafuta Barnaba, akamkuta kwenye jengo jipya karibu na njia ya Kabonga, akamuuliza ukuta huchukua muda gani kurudisha kilichosemwa.

"Inategemea na tope," Barnaba alisema. "Yako imechukua miaka hamsini na kitu. Utakuwa ulishakufa, Fundi. Usiwe na wasi."

Djibril alirudi nyumbani kwa miguu. Hakuona kwamba wasiwasi umepungua. Kwa siku sita aliongea kwa mikono ndani ya nyumba, na Latifa akamjibu kwa mdomo, kwa sauti kamili, katika kila chumba.

Siku ya saba ilikuwa Alhamisi. Batuli alikuja saa kumi, akavua ndara mlangoni.

"Amahoro, Fundi. Wale watu wa kupima walifika na kule Gatete. Hapa walifika?"

"Walifika."

"Kuna mupya?"

"Hapana," Djibril alisema, akamfungulia mlango. "Ni yaleyale."

Batuli akaingia, akaketi, akainamisha kichwa upande wa kushoto.